Dansi Limekosa Paa

Mh! Jamani, hebu tuambizane ukweli. Mji huu una watu zaidi ya milioni 5 kwa hesabu ya sensa ya 2022. Ni mji uliolea bendi zilizosikilizwa toka Lubumbashi mpaka Mombasa. Nizungusheni basi Dar yote, toka Mnazi Mmoja hadi Kinondoni, mnionyeshe kibao cha ukutani kinachosema hapa palikuwa na ukumbi, bendi fulani ilipiga, watu wakacheza. Mimi kwa macho yangu sijakiona.

Maneno yameanza na dogo wa bodaboda hapa kijiweni. Mzee mmoja kamtaka ampeleke mjini, amshushe "pale ilipokuwa Bilicanas". Dogo kauliza kwa adabu zote, "Samahani mzee, Bilicanas ndiyo wapi?" Kijiwe kizima kikasonya. Wengine wakamcheka, eti mtoto wa Dar gani huyu. Nimekataa. Bilicanas inafungwa yeye alikuwa bado anavaa kaptula ya shule. Jengo limevunjwa. Darasani hafundishwi habari hizo, na sisi tuliokuwepo tunashinda hapa tukibishana Simba na Yanga. Ajulie wapi? Wa kusonywa ni sisi.

Haya dogo, zima pikipiki, sogea kwenye benchi. Muuza kahawa, mmiminie kikombe, juu yangu.

Anza na Anatoglo. Kwa maandishi ni Arnautoglo, jina la George Arnautoglu, Mgiriki tajiri wa mkonge aliyetoa fedha za kuujenga ukumbi ule wa Mnazi Mmoja zama za mkoloni. Usiupite kila siku na abiria wako ukadhani ni jengo la ofisi tu. Ndani ya ukumbi ule, Aprili 1953, Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA, chama kilichozaa TANU mwaka uliofuata. Ukumbi ule ule watu walikutania kwa dansi na starehe zao. Unaona mji ulivyokuwa umepangwa? Siasa na dansi zilikaa chini ya paa moja, maana vyote viwili vilihitaji kitu kile kile: mahali pa wazi kwa kila mtu, katikati ya mji, mtu anafika kwa miguu kutoka Kariakoo au Gerezani.

Na bendi zilikuwepo zamani. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932. Kilwa Jazz ikaja 1958, Western Jazz 1959 na mtindo wake wa Saboso. Zilikuwa bendi za vyama vya watu, wanachama wakichanga wenyewe, wengi wakijuana toka walikotoka. Mtu amefika mjini hana ndugu, anaipata bendi, anapata ndugu.

Baada ya uhuru mambo yakabadilika, na hapa dogo tega sikio, maana ndipo mji wetu ulipofanya jambo ambalo miji mingi haikufanya. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Ndiyo Msondo Ngoma ya leo. Ilipita kuwa Juwata, ikapita kuwa OTTU, Msondo wake ukabaki pale pale. Mpiga gitaa akawa mwajiriwa. Analipwa mshahara wa mwezi kama karani. Vyombo ni vya mwajiri, maana gitaa la umeme na vipaza sauti vilikuwa vya kuagiza nje, na fedha za kigeni hakuna. Wengine wakaiga. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz. Shirika la Bima likawa na Bima Lee. UDA, wale wa mabasi, wakawa na UDA Jazz. Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz, bendi ya Hemed Maneti, na jukwaani akasimama pia mwanamke, Kida Waziri. Polisi wana bendi, jeshi lina bendi, JKT ina bendi.

Mwalimu mstaafu wa hapa kijiweni anasema serikali ilikuwa inabana muziki siku zile. Kweli, mwalimu, ilibana. Mwishoni mwa 1969 wakuu wa Mkoa wa Pwani, ambao Dar ilikuwa ndani yake, walipiga marufuku muziki wa soul, wakisema unaharibu vijana. Mimi sitetei marufuku ile. Ila tazama upande wa pili: serikali iliyohangaika na muziki kiasi cha kuukataza ni serikali iliyojua muziki una uzito. Leo nani anahangaika?

Sasa ilipofika 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Watu wanakumbuka ndege na reli. Wanasahau santuri. Sisi hatukuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Bendi zetu zilikuwa zinatoa sahani zao Nairobi. Wengine walikwishahamia huko moja kwa moja, kina Wilson na George Peter wa Simba Wanyika, watoto wa Tanga. Mpaka ulipofungwa, bendi ya Dar ikabaki na milango miwili tu. Mmoja ni Radio Tanzania, iliyorekodi nyimbo kwenye kanda na kuzirusha nchi nzima. Redio ilikupa jina, haikukupa utajiri. Mlango wa pili ni ukumbi. Mtu kasikia wimbo redioni Jumatano, anautaka, dukani haupo. Aufuate wapi? Aufuate Jumamosi ukumbini, alipe kiingilio, ausikie kwa masikio yake.

Ndiyo maana kumbi za Dar zilifurika namna ile. Mpaka kufungwa, santuri kukosekana, mashirika kulipa mishahara: hayo matatu yalikutana, yakatupa dansi lililokuwa hai kila wiki. Kinondoni kulikuwa na Vijana na Lang'ata. Ilala kulikuwa na Amana. Ubungo kulikuwa na White House, walikopiga Maquis du Zaire, watu wa Lubumbashi waliofika Dar 1972 wakageuka wenyeji, na mtindo wao wa Kamanyola ukawa wetu. Na mjini, kwenye kitovu chenyewe, kulikuwa na DDC Kariakoo.

DDC ni Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, chini ya halmashauri ya jiji. Sikiliza jinsi lilivyoingia kwenye muziki. Mwaka 1978 ilianzishwa bendi kwenye baa ya Mlimani Park, si mbali na Chuo Kikuu. Mwenye bendi alikuwa shirika la teksi na usafiri, Tanzania Transport and Taxi Services. Kiongozi wake, Michael Enoch, alitoka Dar Jazz, fundi wa vyombo vingi na mwalimu wa wengi. Waimbaji kina Muhiddin Gurumo, Hassan Bitchuka, Cosmas Chidumule. Mtindo Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa mji huu. Mwaka 1983 DDC wakaichukua bendi, ikawa DDC Mlimani Park Orchestra. Yaani jiji lenyewe likawa na bendi, na jiji lenyewe likawa na kumbi za kuipigisha, Kariakoo na Magomeni Kondoa. Hebu fikiri, dogo. Jiji lile lile linalokukamata ukiegesha vibaya ndilo lililokuwa linalipa mishahara ya wapulizaji wa tarumbeta.

Nikuingize ndani basi, uone usiku wenyewe. Saa 3 vyombo vinapashwa. Wapiga tumba wanakaza ngozi, wa besi anajaribu spika, mlangoni foleni inaanza. Kanuni ya mlango ilikuwa rahisi kila mahali mjini: kiingilio ni cha bendi, bia ni za mwenye ukumbi. Kwa hiyo bendi mbovu ilijua usiku huo huo kwamba ni mbovu, maana mlango haudanganyi. Kwenye DDC mlango na bia vyote vilikuwa vya shirika, na mwanamuziki alikuwa na mshahara wake, ndiyo maana mtu aliweza kukaa bendi moja miaka, akaijua sauti ya mwenzake mpaka akipumua.

Muziki unaanza taratibu. Wimbo wa Sikinde ulikuwa unapiga hadithi kwanza: mke kaachwa, mtoto katumwa mjini hakurudi, rafiki kasaliti. Watu hawachezi sana hapo, wanasikiliza huku wanayumba. Gitaa la solo linauliza, gitaa la pili linajibu, ridhim inashikilia katikati, wapulizaji wamesimama mstari mmoja wanangoja zamu. Halafu wimbo unageuka. Waimbaji wanaingia kwenye kiitikio, tarumbeta zinapasua, na hapo hakuna aliyebaki kwenye kiti. Mama aliyevaa kitenge kipya anapita mpaka mbele, anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, anarudi bila kuacha kucheza. Karani wa bandari anacheza ubavuni kwa meneja wa shirika. Fundi cherehani huyu hapa, muulizeni, kasema usiku ule hakuna aliyekuuliza unakaa wapi. Ulikuwa umelipa mlangoni, basi.

Nje nako kuna mji mwingine. Wa mishikaki, wa mayai ya kuchemsha, wa sigara za rejareja, dereva teksi aliyelala kwenye kiti akingoja wimbo wa mwisho. Ukumbi mmoja ulikuwa unalisha watu wengi ambao hawakuwahi kukanyaga ndani yake.

Na ushindani, loh! Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwavuta wanamuziki 6 wa Mlimani kwa mpigo mmoja, Gurumo na Bitchuka wakiwemo. Mtindo mpya ukazaliwa, Ndekule. Mji ulitikisika kama siku hizi mchezaji akitoka Jangwani kwenda Msimbazi. Watu walisema Sikinde imekwisha. Haikwisha, ilisuka safu upya ikarudi. Sababu ni moja: kuondoka kwa watu hakukuondoa ukumbi. DDC ilikuwa bado ipo, mlango bado upo, washabiki walijua pa kwenda Jumapili. Bendi inaweza kupoteza waimbaji ikapona. Ikipoteza paa, inatangatanga.

Hapo ndipo penye hoja yangu, na nawaomba msinikatize. Tumezoea kusema dansi liliuawa na disko, na video, na Bongo Fleva, kwamba vijana walichoka. Mimi sikubaliani. Tazameni mambo yalivyokwenda.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 uchumi ulifunguliwa. Bidhaa zikaja, na kanda za kunakili zikaja pia, wimbo ukaanza kuuzwa mitaani bila mwenyewe kupata senti. Mashirika ya umma yakaambiwa yajiendeshe kwa faida, na miongoni mwa vya kwanza kupunguzwa zilikuwa bendi. Mpulizaji tarumbeta aliyekuwa na mshahara akaamka hana. Mwaka 1994 tukapata redio na televisheni za watu binafsi, mtu akawa na burudani sebuleni. Yote hayo ni kweli, yaliumiza.

Lakini watu waliendelea kutoka usiku! Kikundi cha TOT kilianzishwa mwaka 1992, kikapambana na kikundi cha Muungano kwa taarabu na maigizo, kumbi zikajaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Asha Baraka akaisimamisha African Stars, Twanga Pepeta, na Mango Garden pale Kinondoni pakawa hapatoshi. FM Academia wakaja na Ngwasuma yao. Hao wote ni dansi na ndugu zake, na walijaza watu baada ya disko, baada ya video, baada ya televisheni. Hamu haikwisha. Kilichokuwa kinakwisha ni viwanja.

Hesabu nami. Msasani palikuwa na sinema ya Drive-In, ilifunguliwa 1966, watu wanatazama filamu ndani ya magari yao, na wasio na magari wanatafuta pa kukaa kando. Leo pale ni Ubalozi wa Marekani. Sinema za mjini, Avalon, Empire, Odeon, zote zimezima taa. Hakuna hata moja iliyokufa kwa sababu watu wa Dar waliacha kupenda starehe. Kila mara ni kiwanja kilichopanda bei, au ni mwenye jengo aliyepata matumizi mengine.

Sasa tunaifikia Bilicanas yako, dogo. Mtaa wa Mkwepu, katikati kabisa, hatua chache toka maofisini. Zamani palijulikana kama Club Mbowe, mahali pa familia ya Mbowe, na baadaye Freeman Mbowe, huyu unayemjua kwa siasa za upinzani, akapaendesha kwa jina la Bilicanas. Kwa vijana wa miaka ya 1990 na kuendelea pale ndipo usiku wa mjini ulipokuwa unaishia. Kama DDC ilikuwa nyumba ya magitaa, Bilicanas ilikuwa nyumba ya madijei. Mgeni akishuka uwanja wa ndege, swali lake la pili baada ya hoteli lilikuwa Bilicanas iko wapi. Kazi zilikuwepo pale: mabaunsa, wahudumu, mafundi wa sauti na taa, madereva teksi waliojipanga Mkwepu mpaka alfajiri.

Jengo lilikuwa la Shirika la Nyumba la Taifa. Septemba 2016 shirika lilimtoa mpangaji wake kwa dalali, likisema linadai kodi ya zaidi ya shilingi bilioni moja. Vitu vilitolewa nje, ofisi za gazeti la Tanzania Daima zilizokuwa humo humo zikaguswa pia. Mbowe alipinga, mambo yakafika mahakamani. Wapo waliosema ni siasa, maana alikuwa Kiongozi wa Upinzani Bungeni. Wapo waliosema deni ni deni. Kijiwe hiki kiligawanyika mwaka ule, na mpaka leo ukiligusa kahawa inamwagika. Mimi leo siligusi. Naligusa lililofuata: miezi michache baadaye jengo lilibomolewa.

Msonyo wangu uko hapo. Tuchukulie mwenye nyumba ana haki zote za kudai kodi yake. Tuchukulie mpangaji ana makosa yote. Katika mabishano yote yale, bungeni, magazetini, hapa kijiweni, mlimsikia nani akiuliza swali la tatu? Kwamba jamani, huu ni usiku wa mjini kwa miaka mingi, mtaweka wapi kingine? Mpangaji anaondoka, sawa. Matumizi ya mahali yabaki. Hakuna aliyeuliza. Wabaya na wazuri wa hadithi ile sote tuliliona jengo kama kodi na matofali. Vijana waliokuwa wanafanya kazi mle ndani, sikuona hata kipande cha gazeti kilichowafuata kujua wamekwenda wapi.

Dada wa vitumbua hapa ana neno, na neno lake nalichukulia kwa uzito. Anasema kaka, kumbi hizo ndizo zilizokunywa mishahara ya baba zetu, ndoa zikavunjika, na kelele usiku kucha watoto hawalali. Dada yangu, pole, na hukusema uongo. Wapo walioacha mshahara mlangoni. Ila nikuulize: kumbi zimekwisha, pombe imekwisha? Imehamia kwenye grosari, hatua tatu toka mlangoni kwako, viti vya plastiki barabarani, spika imeelekezwa dirishani kwako. NEMC, wale wa mazingira, wamekuwa wakizifunga baa kwa kelele, wananchi wakishangilia, na kesho yake nyingine inafunguliwa uwanja wa jirani. Ukumbi wenye kuta na dari unaizuia sauti ndani. Una mlango mmoja, una saa ya kufunga, una mtu wa kumlaumu. Mji usio na kumbi haupati ukimya. Unapata kelele zilizotawanyika kila kona, zisizo na mwenyewe.

Dogo naye kasema kitu. Anasema mzee, sisi tunakwenda Masaki, Mikocheni, Sinza, starehe zipo tele. Zipo, mwanangu. Lakini kwenda Masaki kunataka nauli ya kwenda na kurudi usiku, na meza nyingine bei yake ni mshahara wa mtu. Starehe imegawanywa kwa mifuko: wenye nacho ufukweni, wasio nacho grosari. Kariakoo ile ya DDC ilikuwa katikati, daladala zote zinafika, kiingilio cha fundi na cha mkurugenzi ni kimoja. Kukaa chumba kimoja na mtu usiyelingana naye, ukacheza naye wimbo mmoja, ni elimu ya uraia. Hiyo ndiyo tuliyoipoteza, na haiuzwi Masaki kwa bei yoyote.

Tazameni pia tulivyowaacha wenye muziki wenyewe. Muhiddin Gurumo aliimba toka mwanzo wa miaka ya 1960: NUTA, Mlimani, Safari Sound, kisha akarudi nyumbani Msondo. Alistaafu 2013. Mwaka huo huo gari alipewa zawadi na Diamond Platnumz, kijana wa Bongo Fleva ambaye alikuwa bado hajazaliwa Gurumo anapotamba DDC. Nampongeza Diamond kwa dhati, alifanya utu. Lakini mzee ambaye mashirika, jiji na redio ya taifa vilijijengea jina juu ya sauti yake, zawadi yake inatoka mfukoni mwa kijana mmoja? Aprili 2014 Gurumo akafariki. Mwimbaji mwenzake, Shaaban Dede, naye tukamzika 2017. Wanakwenda na kumbukumbu zao, na hatuna hata chumba ambacho mtu angesimama akasema hapa ndipo aliposimama Gurumo.

Sisemi hatujui kutunza. Boma la Kale pale Sokoine Drive ni la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid, limesimama na linatunzwa. Kanisa la Azania Front, kazi ya Wajerumani, linang'aa. Vizuri sana. Tumeweza kulinda majengo ya Sultani na ya Mjerumani. Tumeshindwaje kulinda yale tuliyoyajaza wenyewe kwa jasho letu wenyewe? Wenzetu wa Kongo mbili walikwenda UNESCO, na Desemba 2021 rumba yao ikaandikwa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Rumba ile ilikuja mpaka Ubungo na Kinondoni, ikaoana na Kizaramo chetu, ikazaa kitu ambacho Kinshasa hakipo. Ndoa hiyo nani ataiandikisha?

Basi msinione nalalamika bure. Nina mambo matatu nayataka, na ningeomba kila anayekunywa kahawa hapa ayabebe mpaka kwa diwani wake.

La kwanza, vibao. Jiji liweke kibao Anatoglo, kibao DDC, kibao Amana, kibao Mkwepu. Kila kimoja kiandikwe mwaka, bendi, waimbaji. Gharama yake haifiki bei ya sherehe moja ya kukata utepe. Dogo huyu akipita na abiria, asome.

La pili, kila kiwanja cha umma mjini kinapopangiwa ghorofa, mkataba useme ukumbi wa burudani utabaki ndani yake. Kariakoo inajengwa upya kila siku, maduka juu ya maduka mpaka mawinguni. Sakafu moja tu, yenye kuta za kuzuia sauti, ngazi za dharura na vyoo safi, itolewe kwa bendi kwa kodi ambayo bendi inaweza kuilipa. Serikali ilikwishafanya zaidi ya hapo ikiwa maskini, haina fedha za kigeni hata za kuagiza nyuzi za gitaa. Leo inashindwaje?

La tatu, sauti za waliobaki zirekodiwe. Wapo wapiga besi, wapo wauza tiketi, wapo kina mama waliopika nje ya kumbi, wako hai mitaani kwetu. Hili halingoji bajeti. Kila mmoja hapa ana simu mfukoni yenye uwezo wa kurekodi. Mwalimu mstaafu atauliza maswali, dogo atashika simu, fundi cherehani ndiye wa kwanza kuhojiwa, maana yeye DDC alikuwa haikosi Jumapili.

Msondo na Sikinde bado zina wapenzi wanaoyarudi magoma mpaka jasho linawatoka. Bendi zinazoweza kudumu hivyo, mwajiri akiondoka, waimbaji wakifariki, haziombi huruma ya mtu. Zinaomba paa katikati ya mji. Diwani akija kuomba kura, kabla hamjamuuliza barabara na maji, muulizeni na hili: ukumbi wetu uko kwenye ramani ipi? Akikosa jibu, hapo ndipo pa kusonya.